Mlango wa Toliva

Basi kaeni niwaambie mara moja, maana nimechoka. Tangu nirudi, kila anayeingia kwenye kibanda changu cha ushonaji pale Kings Heath, Birmingham, kupunguza suruali au kubadilisha zipu ananiuliza, "Nabintu, ilikuwaje Amerika?" Nikianza kumjibu huyu, yule naye ameingia na pazia lake. Nikifika kwenye habari ya kuku, wote wanacheka mpaka wanashika mbavu, kisha wanaondoka wakidhani hadithi yenyewe ni ya kuku. Si ya kuku. Kanisani Jumapili ni hivyo hivyo. Kwa hiyo nimekaa kitako, nimeandika. Rafiki yangu Hodan, Msomali aliyekulia Garissa, ambaye anaamini Kiswahili cha Kenya ndicho Mungu alichomsemesha Adamu, amesoma na kuninyoosha pale nilipoandika tunavyosema kwetu Bukavu, Congo. Mahali pengine nimemkatalia.

Northfield, Birmingham, kabla ya kufunga mizigo

Wale msiotoka kwetu lazima kwanza mjue kitu kimoja. Kwetu, mtu mnayeitwa jina moja naye ni majina yako, na majina yako ni wewe. Mimi nina jina la mama yake baba yangu. Tangu nizaliwe baba hajaniita mwanangu hata siku moja. Ananiita mama, na nikimkaripia kuhusu chumvi anainamisha kichwa kama mtoto aliyevunja chungu.

Mtoto akipewa jina la mtu, wazazi wake humpeleka kwa mwenye jina na kuku mzima. Mwenye jina, au mtu yeyote wa nyumba yake kama yeye hayupo, anachovya mkono majini, anamwekea mtoto kichwani na kusema: jina hili ni langu, nakupa, ulibebe. Kuku haliwi. Anaachwa pale atage, ili nyumba mbili zijuane. Asiyepelekwa, wenzake humtania maisha yote kwamba jina lake ni la kuokota.

Baba yangu anaitwa Toliva. Babu alikuwa mpasua mbao kwenye misheni moja milimani, na msumeno wa mashine wa kwanza kufika kule ulitoka kwenye kiwanda cha mtu wa Ohio, Amerika, aliyeitwa Ezra Tolliver. Mwenyewe alikuwa ameshafariki. Lakini mmisionari alikuwa mzaliwa wa mji huo, na jioni alikuwa akiwasimulia wapasua mbao habari zake. Kwamba alianza akiwa maskini wa kutupwa. Kwamba alipotajirika alikula chakula cha mchana na wafanyakazi wake, benchi moja, sufuria moja. Kwamba watu wakamchagua kuwa meya, akawakataza polisi kumpiga mtu, hata mwizi. Na kwamba nyumba yake haikuwa na kufuli, usiku wala mchana, ili mwenye shida asibishe hodi mara mbili. Babu alisikia hayo, mke wake akajifungua mtoto wa kiume, mambo yakaisha. Toliva. Nani angemvusha mtoto bahari na kuku wake?

Kwa hiyo baba alikua na jina la kuokota, akaamua kulistahili. Alipokuwa mkubwa wa mtaa wetu Bukavu, aling'oa komeo la geti letu kwa mkono wake. Mwizi akikamatwa, vijana walimleta kwetu badala ya kumpiga mawe, na baba alimkalisha, akamlisha, ndipo akamuuliza. Mama alilalamika. Baba alisema, "Toliva angefanya hivi."

Halafu vita ikaja. Watu walijua geti gani halifungwi, wakajaa uani kwetu, wakalala hadi jikoni. Wenye bunduki nao walijua. Waliingia bila kuvunja chochote, maana hapakuwa na cha kuvunja. Siku hiyo walimchukua kaka yangu Murhula, na hadi leo hajarudi. Nyumba ikachomwa.

Nasema wazi, sina haja ya kupaka asali. Nimekaa Birmingham miaka na hasira yangu juu ya hilo jina. Nimempikia baba, nimemuogesha, nimemsukuma kwenye kiti cha magurudumu mpaka hospitali ya Edgbaston moyo wake ulipoanza kuchoka, na moyoni nilikuwa nasema: mzungu mmoja wa hadithi amemla ndugu yetu.

Ndipo siku moja pale wodini akanishika mkono. "Mama," akasema, "daktari ananiangalia kwa huruma. Siipendi hiyo huruma. Uniendee kwa majina yangu, umpelekee kuku."

"Baba, mtu huyo alikufa kabla hujazaliwa."

"Nyumba haifi. Uende. Na uangalie mlango." Akavuta pumzi. "Kama ulikuwa na kufuli, basi yule mmisionari alitudanganya, na Murhula nilimuua mimi kwa ajili ya uongo. Nataka kujua kabla sijaenda."

 Na mniruhusu niwaambie lililokuwa moyoni mwangu nikishuka ngazi za hospitali: nusu yangu ilitamani nikute kufuli kubwa kama kichwa cha mtu.

Birmingham mpaka karibu na New York

Hodan alikuwa anakwenda Columbus, Ohio, kwenye harusi ya mtoto wa dada yake Sahra. Aliposikia habari yangu akasema, "Dada, mimi Ohio nafika. Mambo ya kuku ni yako." Tukaondoka pamoja.

Ndege ilikuwa nzuri. Mimi nilitazama mawingu yakiwa chini yangu saa nzima bila kusema neno, na mnajua kunyamaza kwangu. Nilikimbia Congo kwa miguu na kwa lori, nilivuka ziwa nimelala juu ya magunia. Sikuwahi kuketi kwenye kiti nikavuka bahari ile ambayo babu aliona haivukiki, huku mtu ananiuliza nataka kuku au tambi. Nilisema kuku. Hodan akaniuliza kama sioni haya.

Tatizo lilianza tulipotua. Yule afisa wa uhamiaji alikuwa kijana mpole, tena ananitabasamia.

"Unakuja kumtembelea nani?"

"Ezra Tolliver," nikasema.

"Anaishi wapi?"

"Alikufa."

Tabasamu likapungua. "Pole sana. Alikufa lini?"

"Kabla baba yangu hajazaliwa."

"Na huyu Tolliver ni nani kwako?"

Hapo ndipo nilipoharibu. Kwetu majina ya baba ni baba, hakuna njia nyingine ya kusema. Nikamjibu kwa ukweli wote wa moyo wangu, "Ni baba yangu."

Kijana wa watu aliweka kalamu chini. Nilimwona anajaribu kupanga: baba yake alikufa kabla baba yake hajazaliwa. Nyuma yangu Hodan ananinong'oneza kwa Kiswahili, "Mwambie ni utalii, wee! Utalii tu! Sema maporomoko ya maji!" Kunong'ona huko, na hijabu yake, na jina la mji aliozaliwa, vikatupeleka wote wawili kwenye chumba cha pembeni chenye viti vya chuma.

Tulikaa humo mpaka ndege yetu ya Columbus ikaondoka bila sisi. Walifungua mikoba. Hodan alikuwa amekaanga sambusa za nyama usiku kucha kwa ajili ya dada yake, akazifunga kwa karatasi na taulo zisipoe. Afisa mwingine, mama mzee mwenye glavu, akazitupa zote kwenye pipa moja baada ya nyingine, na kila moja ikitua Hodan alisema, "Astaghfirullah." Mwisho yule mama akainusa mikono yake yenye glavu, akasema kwa huzuni ya kweli, "Zinanukia vizuri sana." Hodan akamwambia angalau angeonja. Mama akasema haruhusiwi. Wakatazamana kama watu wa msiba mmoja.

Yule kijana alirudi kuniuliza mara ya mwisho, nikamweleza polepole, jina na kuku na maji. Alisikiliza mpaka mwisho. Akagonga muhuri, akasema jina lake yeye mwenyewe ni la babu yake, na hajawahi kulifikiria.

Columbus

Tulifika kwa Sahra tumechelewa siku nzima, hatuna sambusa, miguu imevimba. Sahra hakuuliza kitu. Alitandika mkeka na kuweka sinia la wali wenye zabibu kavu, mbuzi juu, ndizi mbivu pembeni. Mnaojua Wasomali mnajua: ndizi inaliwa pamoja na wali, unakata kipande, unakimeza pamoja nao. Nilizitenga zangu za baadaye, nikidhani ni matunda ya mwisho. Watoto wa Sahra wakanicheka kwa Kiingereza cha Amerika, Sahra akawakemea kwa Kisomali, Hodan akanitania kwa Kiswahili. Nilisikia niko nyumbani.

Harusi siisimulii, Hodan atawaonyesha picha. Lakini siku iliyofuata Sahra aliposikia ninakokwenda, aliweka kikombe chini. "Mnakwenda kumwamkia maiti na kuku mzima? Katika mji wa wazungu watupu?"

"Nyumba haifi," nikamjibu, na nikajishangaa kusikia maneno ya baba yakitoka kinywani mwangu.

"Kuku mtamtoa wapi?"

"Ohio nzima haina kuku?"

"Ina kuku wa barafu," Sahra akasema. Hodan alikuwa amepanga kupumzika kwa dada yake wiki nzima. Akainuka, akajifunga mtandio wake, akasema hawezi kuniacha niende nikafungwe peke yangu.

Kaskazini kwa basi, na mkokoteni wa farasi

Basi lilituchukua nusu ya njia tu. Lilituteremsha kwenye kituo cha mafuta katikati ya mashamba ya mahindi, na basi la pili, ambalo lingetufikisha, halikuja. Mwenye duka la kituo alisema labda litakuja, labda halitakuja, kama kwetu kabisa. Tulikaa kwenye benchi la mbao. Jamani, mahindi! Pande zote nne, mpaka mwisho wa macho, kijani, yamenyooka, na hakuna hata mtu mmoja ndani yake na jembe. Nilimuuliza Hodan nani anayepalilia. Akasema malaika.

Ndipo akatokea mzee mwenye ndevu bila masharubu, kofia ya majani, anaendesha mkokoteni mweusi wa farasi. Mkewe pembeni amefunga kichwa kwa kitambaa cheupe, gauni mpaka kwenye vifundo vya miguu. Nilidhani ni watu wa sinema. Mwenye duka akatueleza kwamba kuna wakulima hapa ambao dini yao inawakataza magari na umeme, na wanaishi hivi toka zamani. Hodan na yule mama walitazamana vilemba, kila mmoja akakikagua cha mwenzake kwa heshima. "Huyu amejisitiri kuliko binti zangu," Hodan akaniambia.

Nikaona, kama ni kuku mzima, ni hawa. Nikamsogelea mzee, nikamweleza. Nilishajifunza, safari hii sikusema ni baba yangu. Nilisema baba yangu alipewa jina la mtu wa mji ule, na nampelekea kuku wa shukrani. Mzee akaongea na mkewe kwa lugha yao. Mke akateremka, akafungua tenga nyuma ya mkokoteni, akatoa kuku mweupe, mnene, mwenye macho ya dharau, akanikabidhi kwa mikono miwili. Fedha walikataa. Mzee akasema zawadi hainunuliwi, na kwamba wao wanapita karibu na mji huo, tupande.

Tukapanda. Nimempakata kuku, Hodan amepakata mkoba, farasi anakwenda tok tok tok, magari yanatupita na watoto wanatupungia. Hodan, mwanamke wa Garissa, mpishi wa shule ya Kings Heath, akaanza kucheka mpaka machozi. "Mama Idris wa Birmingham," akajiita mwenyewe, "leo umekuwa mzigo wa punda." Yule mama wa shamba hakuelewa neno lakini naye akacheka, tukacheka wote.

Mji wa Toliva

Mji ni mdogo. Kuna mto, daraja, majengo ya matofali mekundu, na kiwanda ambacho sasa ni magofu yenye miti ndani. Bustani kubwa katikati ina jina lake. Tukauliza nyumba, tukaonyeshwa: ya mbao, nyeupe, ya kawaida kabisa. Nilitegemea jumba. Kwetu hata maafisa wa mabomba ya maji wana nyumba kubwa kuliko ile.

Nyumba sasa ni ya makumbusho, na inaangaliwa na bibi mmoja anayeitwa Dorothy. Alitutokea barazani, mwembamba, nywele nyeupe, miwani inaning'inia kwa mnyororo. Akaona wanawake wawili weusi, mmoja kajitanda, mmoja kapakata kuku. Bado akatabasamu. Mimi nilikuwa nimeshaandaa Kiingereza changu, nikakitoa chote kwa pupa:

"Habari yako, mama. Tumetoka mbali. Tumemletea Bwana Tolliver kuku, na tunahitaji maji kwenye bakuli, na mtu wa nyumba hii."

Rangi ilimtoka. "Hapa haturuhusu kuchinja," akasema. "Tafadhali. Hii ni nyumba ya kihistoria. Hakuna damu." Na kabla sijafungua kinywa akarudi ndani, akaufunga mlango usoni mwetu.

"Umeona sasa?" Hodan akasema. "Kesho tuko gerezani, na kuku ndiye shahidi."

Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nimevuka bahari. Nikaweka kiganja kwenye ule mlango ili nibishe hodi, na nikabisha kwa nguvu kidogo, na mlango ukafunguka.

Ulifunguka wote, polepole, mpaka ukagusa ukuta. Dorothy alikuwa amesimama kwenye ujia, mkono mmoja kwenye simu, ananitazama kwa hofu. Lakini mimi sikumtazama. Nilikuwa nautazama mlango. Mbao nene, ya zamani, kishikio cha shaba cha kuvuta tu. Hakuna tundu la ufunguo. Nikapapasa ubavu wake kwa vidole. Hakuna pa kupita ulimi wa kufuli. Nikapapasa mwimo, juu, katikati, chini. Hakuna tundu lililozibwa, hakuna kovu la komeo, hakuna alama ya msumari. Mimi ni binti wa ukoo wa wapasua mbao, mbao haiwezi kunificha kitu. Ulikuwa mzima tangu ulipokatwa.

Nilikaa chini palepale kwenye kizingiti na kuku wangu, nikalia. Nililia kwa sauti, kama niko matangani. Hodan alijaribu kuninyamazisha, kisha akaacha.

Dorothy akaweka simu chini. Akaja, akainama, akaniuliza kama niko mgonjwa. Hodan, Mungu ampe maisha, ndiye aliyemweleza yote: jina, geti la Bukavu, kaka yangu, baba aliye kitandani Edgbaston, na kwamba kuku hachinjwi, kuku anahamia. Dorothy alisikiliza mkono umefunika mdomo. Halafu akasema neno ambalo binadamu yeyote angeanza nalo: "Mtakunywa chai?"

Tukanywa chai jikoni mwa Tolliver. Chai ya Amerika ni maji ya moto yaliyoonyeshwa jani, lakini niliinywa. Na huyo bibi akatusimulia. Jamani, yote yalikuwa kweli. Tolliver aliletwa mji ule akiwa mtoto, akachimba mitaro, akatengeneza sehemu fulani ya mashine iliyompatia mali. Benchi la kula lilikuwa kweli, liko pale, nimelikalia. Alipokuwa meya aliyafumba macho kwa ulevi wa maskini na kuyafumbua kwa wizi wa matajiri, na matajiri walimnyima mikono yao barabarani. Aliwajengea watu mabafu ya kuogea, na shule za watoto wadogo, na ile bustani, akasema nyasi ni za kukanyagwa. Hakuwa malaika. Alikuwa mbishi, mkewe alimchoka, uchaguzi wa mwisho alishindwa na akafa hana mali ila nyumba hiyo. Mimi nilikuwa nasikiliza mdomo wazi. Mtu alikuwepo! Alipita kwenye sakafu ile! Babu yangu, ambaye hakuwahi kuona hata bahari, alimpenda mtu wa kweli.

"Na mlango?" nikauliza. "Hakuna baya lililowahi kuingia?"

Dorothy akageuza kikombe chake. "Liliingia. Usiku mmoja wa baridi aliingia mtu mgonjwa wa homa, akalala hapa karibu na jiko. Yeye akapona. Mtoto wa kiume wa Tolliver alimuuguza, akaambukizwa, akafa."

Hodan alinishika goti chini ya meza.

"Alikuwa na binti pia," Dorothy akaendelea. "Binti hakumsamehe baba. Aliondoka mjini siku ya mazishi, hakuandika hata salamu. Alirudi baba alipokufa, kuirithi nyumba. Mji wote ulitegemea fundi wa kufuli aitwe siku hiyo hiyo." Akaonyesha kidole chake kwenye ujia. "Umeona mwenyewe."

"Kwa nini hakuweka?"

"Nilimuuliza. Mimi na mama yangu tuliingia kwa mlango huo nikiwa mdogo, tukimkimbia baba yangu. Binti huyo alikuwa bibi mzee sana, akatukaribisha, tukakaa, nikakulia humu. Siku moja nikamuuliza. Akaniambia, 'Nikiweka kufuli sasa, kaka yangu atakuwa alikufa bure.'"

 Nilitazama jiko lile mpaka chai ikapoa.

Ndipo Hodan, ambaye si wa kabila letu, akasema kile ambacho mimi nilikuwa nimekisahau kwa kulia. "Mama Dorothy, wewe umekulia humu. Basi wewe ni mtu wa nyumba hii."

Tulikwangua kadi ya simu, tukapiga Birmingham. Kule ilikuwa saa ya wageni kuingia wodini. Nesi akamwekea baba simu sikioni. Nilisikia pumzi yake kabla ya sauti.

"Mama? Umefika?"

"Nimefika, Baba. Niko jikoni kwake."

"Mlango?"

"Hauna kufuli, Baba."

"Hauna leo, ao haukuwa nalo?"

"Haukuwa nalo tangu mwanzo. Nimeupapasa wote. Mbao ni nzima."

 Halafu nikasikia baba yangu, mkubwa wa mtaa, mtu ambaye sikuwahi kumwona akilia hata siku ile nyumba inaungua, analia kama mtoto mchanga. Nikamwambia habari ya mtoto wa Tolliver. Nikamwambia habari ya binti, na neno lake. Nilipolisema lile neno kwa Kiswahili, nilijua silisemi tena kwa niaba ya mtu mwingine.

"Mama," baba akasema, "ni wewe unasema, ao ni yeye?"

"Ni mimi, Baba."

Dorothy akajaza bakuli. Akachovya mkono wake mkavu wenye mishipa, na kwa kuwa kichwa cha baba kilikuwa ng'ambo ya bahari, akauweka kwenye changu mimi, mama yake. Maji yakanichuruzika mpaka shingoni. Nikamtamkia maneno, akayarudia kwa Kiingereza kwenye simu, polepole, kama anaapa: jina hili ni letu, tunakupa, ulibebe.

"Aksanti," baba akasema. "Nimelipokea."

Kuku tulimfungulia nyuma ya nyumba. Dorothy akasema atamwita Nabintu. Hodan hajaacha kuniambia kwamba sasa nina majina mwenye manyoya, na nikifika Ohio lazima nimwamkie kwanza yeye.

Kurudi Northfield

Njia ya kurudi haikuwa na cha kusimulia, isipokuwa kwamba yule mama mwenye glavu hakuwepo, na Hodan alikuwa amemletea sambusa moja ndani ya kitambaa, kazi bure.

Jina jema hung'ara gizani, tunasema, na mimi nilikuwa nikilisema tu kama watu wote. Baba alitoka hospitali. Daktari anasema moyo ni ule ule uliochoka. Baba anasema daktari hajui kitu. Siku ya kwanza nyumbani aliniamuru nisogeze kiti chake mpaka kwenye ujia, mkabala na mlango wa mbele, na hapo ndipo anashinda, mlango wazi, blanketi magotini. Anawaamkia wapitao. Mleta barua alishaingia mara mbili kunywa chai. Hodan amenipigia kelele weee, "Hii ni Birmingham, si mbinguni! Mtaibiwa mpaka masufuria!" Nimemwambia tukiibiwa mwizi atalishwa kwanza.

Jioni nilikuwa bado nafunga, baba akishalala. Mimi si Toliva. Lakini juzi nilisimama pale mlangoni na ufunguo mkononi, nikamfikiria Murhula. Siku zote nikimfikiria humwona anatolewa kwenye geti letu. Juzi nilimwona anarudi, usiku, amechoka, hajui namba ya nyumba, anajaribu milango ya mtaa huu mmoja mmoja. Nikautundika ufunguo kwenye ndoano, nikaenda kulala.

Kwa hiyo mkija, msitafute kengele. Sukumeni tu.